Hina, Piko na Kemia ya Ukucha

Usiku wa kuamkia Idi, na siku bibi harusi anapotiwa hina, nyumba nyingi za Unguja hugeuka maabara ndogo. Vifaa ni vichache: bakuli, kitambaa chepesi cha kuchekechea, ndimu, kijiti chembamba cha kuchorea, na unga wa majani ya mhina ulionunuliwa Darajani au uliotwangwa nyumbani. Kwanza kucha hukatwa na kuoshwa kwa sabuni, kwani mafuta huzuia rangi isipenye.

Jani la mhina (Lawsonia inermis) lina kemikali iitwayo losoni. Unga ukikorogwa kwa maji yenye ndimu na kuachwa saa kadhaa, losoni hutoka katika jani. Ikigusa ukucha hujifunga na keratini, protini inayojenga kucha, nywele na tabaka la juu la ngozi. Ndiyo maana hina haibanduki. Rangi ya chupa, kinyume chake, ni utando uliokauka juu ya ukucha na huyeyushwa kwa asetoni. Tofauti hii wanawake wa Kiislamu wanaifahamu vyema, kwa kuwa utando huzuia maji ya udhu ilhali hina haizuii.

Rangi ya hina huanza kama ya chungwa, kisha oksijeni ya hewa huikoleza hata ikawa hudhurungi kwa siku moja au mbili. Kiganjani hufifia baada ya wiki mbili au tatu, ngozi inapojivua. Ukuchani hukaa miezi, maana ukucha hausukumwi ila kutoka shinani, kiasi cha milimita 3 kwa mwezi. Mwanafunzi mwenye rula aweza kuupima ukuaji huo kila wiki kwa kutazama sehemu isiyo na rangi inayojitokeza shinani.

Weusi wa piko ni jambo jingine. Piko inayochorwa siku hizi kando ya hina mara nyingi ni rangi ya nywele ya dukani, yenye parafenilinidiamini. Umoja wa Ulaya hauruhusu rangi ya nywele ipakwayo kichwani kuzidi asilimia 2 ya kemikali hiyo, na hauruhusu kabisa kuchorea ngozi. Mchoraji wa nyumbani hukadiria kwa kijiko. Mara ya kwanza huenda pasitokee neno. Mara ya pili au ya tano ngozi huwasha, huvimba na kutoa malengelenge yanayofuata mistari ya ua lenyewe. Mzio huo kwa kawaida hudumu maisha yote, na baadaye hata rangi ya kawaida ya nywele humdhuru mtu.

Hina safi nayo ina mpaka wake. Kwa watoto wachanga wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali isiyo ya nadra katika pwani iliyoishi na malaria karne nyingi, chembe nyekundu za damu huweza kupasuka wapakwapo hina.

Sokoni, unga unaosifiwa kuwa ni "hina nyeusi", wenye kutia weusi kwa saa moja au mbili, haukutokana na jani peke yake. Mhina hauna weusi wa namna hiyo.