Msaidizi wa mtumiaji wa kiti mwendo katika safari ya boti kutoka Kibirizi, Kigoma

Boti za abiria za kwenda Gombe na Mwamgongo kwa kawaida huondoka mchana na kurudi asubuhi. Msaidizi basi atalala huko. Hesabu nauli ya kwenda na kurudi, chakula, malazi na posho.

Nafuu zaidi ni ndugu au jirani mwenye safari yake njia hiyo hiyo. Akikosekana, ulizia kwa ofisa ustawi wa jamii wa Manispaa ya Kigoma Ujiji, msikitini au kanisani. Usimchukue kijana uliyekutana naye ufukweni asubuhi hiyo. Pataneni malipo mbele ya shahidi: nusu sasa, nusu mkirudi.

Kazi nzito ni kupanda, kwa sababu boti hupakia mchangani. Msafiri aulizwe kwanza anapenda kushikwaje. Wanaombeba wasimvute mikono: mmoja amkumbatie kifua kutoka nyuma, mwingine abebe mapaja, na boti ishikiliwe isiyumbe. Jaketi okozi avae mkiwa bado nchi kavu. Akae katikati, chini. Kiti mwendo kikunjwe na kufungwa kamba, mbali na magunia ya dagaa. Dawa zake abaki nazo mwenyewe.