Kabla ya Kumkabidhi Mtu Gunia la Taka: Mambo ya Kuangalia

Mchinjaji yeyote mjini Garissa anaijua hali hii. Mbuzi anafunguliwa tumbo na ndani mwake kuna donge la karatasi za plastiki, limebanana na kuwa gumu kama mpira wa watoto. Mnyama huyo hakufa kwa kukosa malisho. Plastiki haisagiki tumboni wala haitoki. Inakaa na kuongezeka, na mnyama anahisi ameshiba huku akikonda siku baada ya siku. Kwa kaunti ambayo soko lake la mifugo linahesabiwa miongoni mwa makubwa zaidi katika kanda hii, hiyo ni hasara inayoingia moja kwa moja mfukoni mwa mfugaji.

Mara nyingi plastiki hiyo ilianzia jikoni. Mbuzi hali plastiki kwa kuipenda. Anaifuata kwa sababu inanukia chakula: imefungiwa mabaki ya wali, ganda la tikiti au chumvi. Ndiyo maana swali la nani atachukua taka za nyumbani, na atazipeleka wapi, linastahili kufikiriwa kama vile familia inavyofikiria atakayechunga mifugo yake.

Kisheria, kuzoa taka na kusimamia majaa ni kazi ya serikali za kaunti, kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010. Hata hivyo, katika miji mingi ya Kenya kazi hii inafanywa pia na watu binafsi: vikundi vya vijana, kampuni ndogo, na wenye mikokoteni ya punda ambao wanafika kwenye vichochoro vya bula ambako lori haliwezi kupita. Mkokoteni wa punda si huduma duni. Kwenye mchanga wa mitaa ya ndani, mara nyingi huo ndio unaofika kwa wakati. Kinachotofautisha huduma nzuri na mbaya ni mahali gunia linapoishia.

Hilo basi ndilo swali la kwanza kwa anayeomba kazi ya kuzoa taka: anazimwaga wapi? Jibu linalofaa linataja mahali panapojulikana na panaporuhusiwa. Jibu kama "huko nje ya mji" halitoshi. Nje ya mji kuna laga, na laga ikijaa maji hurudisha kila kitu ilichotupiwa. Wakaazi wanakumbuka mafuriko ya Novemba 2023 na yale ya Aprili na Mei 2024, pale Mto Tana ulipovunja kingo na barabara ya kuelekea Madogo ikafunikwa na maji. Taka zilizotupwa kando ya mto husombwa kwa njia hiyo hiyo, na mto huo ndio unaoupa mji maji ya kunywa. Kaunti hii ilikuwa miongoni mwa zilizoguswa na mlipuko wa kipindupindu ulioanza nchini Oktoba 2022. Hakuna haja ya kueleza zaidi kwa nini uchafu na maji ya kunywa havipaswi kukutana.

Njia rahisi ya kuhakikisha ni kumfuata mzoaji siku moja, au kumtuma kijana wa nyumbani amfuate. Mzoaji mwaminifu hatachukizwa. Anayekasirika kwa kuulizwa ameshajibu swali.

Pili, aonyeshe leseni. Mtu anayesafirisha taka kama biashara anatakiwa kuwa na leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA, pamoja na kibali cha biashara kutoka kwa kaunti. Mwenye nyumba asome jina na tarehe ya mwisho. Karatasi iliyopigwa picha kwenye simu na isiyosomeka haisaidii. Kikundi ambacho bado hakijapata leseni kielekezwe kwenye ofisi ya mazingira ya kaunti kabla ya kupewa kazi. Hilo ni bora kuliko kukifukuza, kwa maana vijana wengi wana nguvu na nia na kilichowakosa ni maelekezo tu.

Chombo chenyewe nacho kitazamwe. Kanuni zinamtaka msafirishaji ahakikishe taka hazimwagiki wala hazipeperuki njiani. Kwa upepo wa Garissa, mkokoteni usiofunikwa unapanda karatasi kwenye kila mti wa mathenge kuanzia mtaani hadi jaani. Turubai moja na kamba vinatosha. Mzoaji awe pia na glavu na viatu vilivyofunika miguu, maana anayefanya kazi kwa malapa leo huenda kesho akachomwa na kitu kilichotoka nyumbani kwako.

Jambo la kuchambua taka linahitaji muda zaidi, kwa sababu hapo ndipo nyumba nyingi hukosea. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka taka zitenganishwe zinapozalishwa: zinazooza mbali, zisizooza mbali. Aprili 2024 NEMA ilitoa ilani kwamba taka zinazooza zitiwe kwenye mifuko inayooza yenyewe, si ya plastiki. Ikumbukwe pia kwamba mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku tangu tarehe 28 Agosti 2017.

Kwa nyumba ya Garissa, kutenganisha ni rahisi kuliko inavyosemwa. Maganda ya ndizi na tikiti na mabaki ya mboga yana mteja tayari, naye ni mbuzi wa nyumbani au wa jirani, mradi hakuna plastiki ndani. Kinachobaki kinaweza kuchanganywa na samadi ya boma na kuachwa kioze kiwe mbolea, na mashamba ya kando ya Tana yanaihitaji. Hivyo gunia la mzoaji linabaki na vitu vikavu tu: plastiki, karatasi, makopo, vitambaa.

Ndani ya gunia hilo kavu mna pesa kidogo. Wanunuzi wa vyuma vikuukuu huchukua makopo, mabati na nyaya. Jerikeni za mafuta ya kupikia na chupa ngumu za plastiki zina soko zikiwa safi. Zikishapakwa uji na majivu hazitakiwi. Mzoaji aulizwe anachotenga na anamuuzia nani. Wakaazi wasioamini kwamba plastiki ya mtaani ina kazi wanaweza kutazama kaunti jirani ya Lamu, ambako mafundi waliunda jahazi la Flipflopi kwa plastiki iliyookotwa, na mapema mwaka 2019 likasafiri hadi Zanzibar. Zaidi ya hayo, mzoaji anayechukua magunia mawili yaliyotenganishwa kisha akayamwaga pamoja mkokotenini ameipotezea nyumba kazi yake yote.

Kuhusu malipo, hesabu ifanywe kabla ya kukubaliana. Tuseme, kwa mfano tu, mmoja anataka shilingi 300 kwa mwezi na mwingine shilingi 50 kwa gunia. Nyumba inayojaza magunia mawili kwa wiki italipa yapata shilingi 400 kwa yule wa gunia, kwa hiyo wa mwezi ni nafuu. Lakini nyumba hiyo ikianza kutenganisha na kubaki na gunia moja kwa wiki, yule wa gunia anagharimu shilingi 200. Asiyetenganisha hulipia uzito wa maganda ambayo mbuzi angeyala bure.

Makubaliano yataje siku za kupita na kitakachofanyika siku ikirukwa. Majirani wa plot moja au kichochoro kimoja wakiungana, wanapata bei nzuri na mzoaji anapata kazi ya kutegemea. Malipo ya simu yanafaa kuliko ya mkononi kwa kuwa yanaacha ujumbe wa kuthibitisha.

Vipo vitu visivyopaswa kuingia kwenye gunia lolote. Sindano za wanaojidunga dawa za kisukari ziwekwe kwenye chupa ngumu yenye kifuniko na zirudishwe kwenye kituo cha afya. Betri na chupa za dawa za kuogesha mifugo zitengwe, zisitupwe mahali ambapo watoto wanachezea. Daipa zifungwe vizuri zisifikiwe na mbwa na korongo, ndege hawa wakubwa ambao kila mkaazi wa mji amewaona wakigombania mifuko. Na kuchoma plastiki uani si njia ya kuokoa shilingi 50, kwa kuwa moshi wake ni sumu na wa kwanza kuuvuta ni watoto wa nyumba hiyo.

Mkaazi anayemwona mtu akimwaga taka kwenye laga au kando ya mto aandike siku, saa na mahali, na akiweza apige picha ya mkokoteni au nambari ya gari, kisha apeleke taarifa kwa msimamizi wa wadi au ofisi ya mazingira ya kaunti. Taarifa yenye mambo hayo ndiyo inayoweza kufuatiliwa.