Je, Muuguzi Aweza Kuiacha Kazi Inayomwelemea?

Katika nyumba nyingi za Wakristo yuko binti au kijana aliye muuguzi. Wazazi humwona akirudi asubuhi kutoka zamu ya usiku, miguu imevimba. Na kabla ya jua kutua huitwa tena, maana hakuna wa kumpokea. Sasa amepata nafasi katika hospitali nyingine, yenye watumishi wa kutosha na mshahara ulio bora. Naye auliza: Je, nikiondoka, nawatupa wagonjwa? Je, natenda dhambi?

Tujue kwanza ya kuwa kuuguza ni wito mtakatifu. Lakini wito haumfanyi mtu kuwa mtumwa. Baba Mtakatifu Leo XIII, katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891, alifundisha kwamba mwajiri hana ruhusa kumtwika mfanya kazi mzigo upitao nguvu zake, wala kumnyima ujira wa haki. Amri ya Tano yatuagiza kuutunza uhai, na uhai wa muuguzi ni mmojawapo. Tena asiyelala aweza kukosea kipimo cha dawa. Basi uchovu wake ni hatari kwa mgonjwa pia. Nabii Eliya alipochoka hata akaomba kufa, Mungu hakumkemea. Alimwacha alale, akamlisha, kisha akamtuma kwenda kufanya kazi mahali pengine.

Sheria nayo yasema. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, yaweka saa 45 za kawaida kwa juma. Saa za ziada zisipite 50 katika majuma manne. Na likizo ni siku 28 kwa mwaka. Yafaa basi muuguzi amwendee kwanza mkuu wake, amweleze shida yake kwa adabu na bila woga. Asiposikilizwa, kuondoka si dhambi.

Lakini namna ya kuondoka yaweza kuwa njema au mbaya. Amri ya Saba yatudai mambo haya:

1. Atoe taarifa kwa maandishi. Kwa alipwaye kwa mwezi, sheria hiyo yataka siku zisizopungua 28. Kutoroka usiku na kuiacha wodi bila mtu ni kosa kubwa.

2. Kama alisomeshwa kwa mapatano ya kutumikia miaka fulani, aitimize, au apatane na waliomsomesha. Ahadi ni deni.

3. Akabidhi wagonjwa, dawa na vitabu kwa uaminifu. Wala asitangaze siri za wagonjwa wala kuwachongea wenzake.

Na kama yu peke yake katika zahanati ya mbali? Hapo mapendo yamwomba asubiri hata apatikane mwingine; lakini kusubiri huko kuwe na siku yake ya mwisho, iliyotajwa na kuandikwa.

Twataka kusema neno na waajiri pia, hasa wasimamizi wa hospitali zetu za misheni, ambazo mara nyingi zimepoteza wauguzi serikali ilipotangaza nafasi za kazi. Haitoshi kulalamika kwamba vijana wa siku hizi hawana moyo wa sadaka. Sadaka hutolewa na mwenyewe. Haitozwi kama kodi. Fedha zikiwa haba, watumishi waelezwe kweli, ratiba ya zamu ipangwe kwa haki, na saa za ziada zilipwe. Aondokaye apewe hati yake ya utumishi, wala asizuiliwe kwa hila.

Nanyi wazazi, msimharakishe mtoto wenu kwa ajili ya mshahara, wala msimfunge kwa ajili ya sifa ya familia. Mkumbukeni katika sala za jioni kwa maombezi ya Mtakatifu Kamili wa Lellis, msimamizi wa wauguzi. Mgonjwa anahitaji mkono ulio hai, wenye nguvu na furaha. Na mkono huo, uwe katika hospitali hii au ile, ni mkono wa Kristo.