Akivunjikiwa mlingoti katikati ya bahari

*Mdogo wangu yuko Ufaransa, anajiandaa kushiriki mbio za Vendée Globe, kuzunguka dunia peke yake kwa tanga. Anasema chombo kikiharibika haruhusiwi kusaidiwa. Je, aachwe afe kwa sababu ya kanuni? — Dada mwenye hofu, Mombasa*

Dada yangu, pole kwa wasiwasi. Hakuna kanuni inayomzuia kuokolewa. Kinachokatazwa ni mtu mwingine kupanda chomboni na kumtengenezea. Kutia nanga mahali penye kinga ni ruhusa, na mafundi wake wanaweza kumwelekeza kwa simu ya setilaiti. Yves Parlier alivunjikiwa mlingoti mwaka 2000, akatia nanga Stewart Island, New Zealand, akaunganisha vipande kwa gundi aliyoikausha kwa joto la balbu. Alimaliza mbio.

Mimi naogopa zaidi usukani wa kujiendesha. Ukifa, hapati usingizi, na uchovu huzaa makosa. Mara nyingi chanzo ni umeme mdogo au chumvi kwenye nyaya. Mwulize kama ana wa akiba, na kama amewahi kuubadilisha gizani, chombo kikiyumba.

Maji yakizidi pampu, au akiumia vibaya, asingoje: awashe kifaa cha dharura. Mwaka 2020 mashua ya Kevin Escoffier ilivunjika mbali na Cape Town. Mshindani mwenzake, Jean Le Cam, alimwokoa kutoka kwenye boti la mpira, naye akafidiwa muda alioupoteza.

Wewe chukua namba ya timu yake ya nchi kavu kabla hajang'oa nanga. Akinyamaza, waulize wao kwanza.