Upasuaji wa Mapafu kwa Matundu Madogo: Matokeo Yake na Matatizo Yanayoweza Kufuata

Kijarida hiki kimeandikwa kwa ajili ya kaya zinazozungumza Kiswahili mjini Brussels. Kinamhusu mgonjwa aliyeelezwa na daktari kwamba sehemu ya pafu lake inapaswa kuondolewa, na vilevile mke, mume, mzazi, mtoto au jirani atakayemwuguza akirudi nyumbani. Hakichukui nafasi ya mazungumzo yenu na daktari mpasuaji. Kisomeni kabla ya mazungumzo hayo, mpate kujua la kuuliza.

Matundu ni madogo, upasuaji si mdogo

Kwa miaka mingi njia ya kulifikia pafu ilikuwa moja: mkato mrefu ubavuni, kisha mbavu kutanuliwa kwa chombo cha chuma. Njia hiyo ingali inatumika pale inapohitajika. Katika njia ya pili, daktari hutoboa tundu moja, mawili au matatu kati ya mbavu. Katika tundu moja huingiza kamera nyembamba yenye taa, na katika mengine vyombo vyake, huku akitazama kwenye skrini. Tundu kubwa kuliko yote huwa na urefu wa sentimita chache tu, kwa sababu ndimo kipande cha pafu kinamopitishwa kutolewa nje. Mbavu hazitanuliwi.

Fikra ya kuchungulia ndani ya kifua kwa chombo chenye taa ni ya zamani. Daktari Hans Christian Jacobaeus wa Stockholm aliieleza mwaka 1910. Hata hivyo, kuondoa sehemu nzima ya pafu kwa njia hii kulianza mwanzoni mwa miaka ya 1990, kamera ndogo za video zilipopatikana. Leo ni kazi ya kawaida katika hospitali kubwa za jiji hili, zikiwemo zile za vyuo vikuu zilizoko Woluwe-Saint-Lambert, Jette na Anderlecht. Ukiambiwa kwamba utapasuliwa kwa roboti, fahamu kwamba roboti haiamui wala haikati yenyewe. Mikono yake yote huongozwa na daktari aliyeketi chumbani humo.

Neno «madogo» huwapotosha watu wengi. Mgonjwa huona makovu mawili yasiyozidi urefu wa kidole, akadhani aliyofanyiwa ni mambo mepesi. Ndani ya kifua, kazi ni ileile: mishipa mikubwa ya damu inayotoka moyoni imefungwa na kukatwa, na njia ya hewa imefungwa. Ngozi hupona upesi. Mwili wenyewe huhitaji majuma, pengine miezi.

Jambo jingine liwe wazi: kupangiwa upasuaji huu hakumaanishi kila mara kwamba una saratani. Wapo wanaopasuliwa ili kipande kidogo kichunguzwe kwa sababu picha za skani hazikutoa jibu. Wapo ambao pafu lao limesinyaa mara kwa mara kwa hewa kuingia kati ya pafu na ukuta wa kifua, na wapo wenye usaha uliokusanyika kifuani. Muulize daktari kwa maneno ya wazi: «Mnatafuta nini, na mtaondoa nini?»

Matokeo yakoje?

Pafu la kulia lina sehemu tatu, la kushoto lina mbili. Sehemu moja ikiondolewa, zilizobaki hutanuka na kuijaza nafasi hiyo kwa kiasi. Wengi wa waliokuwa wakipumua vizuri kabla ya upasuaji hurudia kazi zao, ingawa baadhi huendelea kuhisi pumzi fupi wanapopanda ngazi. Aliyeingia hospitali na mapafu dhaifu kwa sababu ya sigara au ugonjwa wa siku nyingi atahisi upungufu huo zaidi. Ndiyo sababu pumzi yake hupimwa kwanza kwa mashine.

Njia hizi mbili zimelinganishwa kwa utafiti wa haki, wagonjwa wakigawanywa kwa bahati nasibu. Nchini Denmark, utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba siku ya kwanza wagonjwa wenye maumivu ya kuhesabika walikuwa 38 katika kila 100 kwa njia ya matundu, na 63 katika kila 100 kwa njia ya mkato. Nchini Uingereza, wagonjwa 503 wa hospitali tisa walifuatiliwa, na matokeo yakatolewa mwaka 2022. Waliopasuliwa kwa matundu walilala hospitali kwa kawaida siku nne, wenzao siku tano, na baada ya majuma matano walikuwa na nguvu zaidi katika shughuli za kila siku. Saratani iliondolewa kwa ukamilifu uleule kwa njia zote mbili.

Hata hivyo, soma tarakimu ya utafiti huohuo ambayo huzungumzwa mara chache: hata kwa njia ya matundu, mgonjwa mmoja katika kila watatu hivi alipata tatizo fulani, dogo au kubwa, akiwa bado hospitali. Kwa njia ya mkato walikuwa zaidi ya wanne katika kila kumi. Matundu hupunguza matatizo, hayayaondoi. Familia inayojua hivyo haishtuki daktari anaposema kwamba mgonjwa atabaki siku tatu zaidi.

Mrija wa kifua na hewa inayovuja

Mgonjwa ataamka akiwa na mrija ubavuni, umeunganishwa na kisanduku. Kazi yake ni kutoa hewa na majimaji ili pafu litanuke. Kisanduku kibaki chini ya usawa wa kifua daima, kisilazwe, na mrija usikunjwe wala kukaliwa. Wageni wanaokuja kumwona mgonjwa wachunge miguu yao.

Tatizo la mara kwa mara kuliko mengine ni hewa kuendelea kuvuja kutoka pale pafu liliposhonwa. Viputo huonekana kwenye kisanduku, au mashine hutoa tarakimu. Kwa wengi uvujaji hukoma ndani ya siku chache. Kwa mtu mmoja hivi katika kumi hupita siku tano, na hapo mgonjwa hubaki hospitali au, katika baadhi ya hospitali, hurudishwa nyumbani na mrija wenye kifaa kidogo. Hilo huchosha na huudhi, lakini aghalabu pafu hujiziba lenyewe. Wakati mwingine hewa hupenya chini ya ngozi, shingo na uso vikavimba, na ngozi ikatoa mchakacho inapobonyezwa. Mwiteni muuguzi. Mara nyingi hali hiyo hutisha macho kuliko inavyodhuru mwili.

Uvumilivu unaodhuru

Hapa tutakaa kidogo, kwa kuwa ndipo familia zetu hukosea kwa nia njema. Wengi tumelelewa kuamini kwamba mtu mzima halalamiki. Muuguzi akiuliza, «Maumivu ni mangapi, kutoka sifuri hadi kumi?», mgonjwa hujibu «mawili» ilhali ni manane. Kisha, kwa kuogopa uchungu, hapumui kwa kina wala hakohoi. Kohozi hubaki chini ya pafu, hukauka, huziba njia ya hewa, na baada ya siku mbili au tatu nimonia huingia. Nimonia baada ya upasuaji wa pafu inaweza kuua.

Kwa hiyo dawa ya maumivu si anasa, wala kuiomba si udhaifu. Hutolewa ili ukohoe. Sema tarakimu ya kweli, na uiseme mapema kabla maumivu hayajapanda. Unapokohoa, kumbatia mto kwa nguvu ubavuni palipopasuliwa. Keti kitini siku ya kwanza ukiruhusiwa, tembea ushorobani, na fanya mazoezi ya pumzi anayofundisha mtaalamu wa viungo, yule anayeitwa hapa «kiné». Mwenye kuja kumwona mgonjwa na amsindikize hatua kumi badala ya kumsihi alale.

Baadhi hubaki na ganzi, moto au mchomo kuzunguka ubavu na chini ya titi kwa miezi kadhaa, kwa sababu neva hupita chini ya kila ubavu na huumizwa na vyombo. Yakizidi miezi mitatu, mwambie daktari wa familia. Kuna dawa za maumivu ya neva ambazo si zile za kawaida.

Matatizo mengine

Mapigo ya moyo huweza kwenda ovyo katika siku za kwanza, hasa kwa wenye umri mkubwa. Kwa kawaida hurekebishwa kwa dawa. Damu inaweza kuganda mguuni na kipande kikasafiri hadi pafuni, ndiyo maana mgonjwa huchomwa sindano ndogo ya kuzuia damu kuganda na kuhimizwa kutembea. Mara chache hutokea kuvuja damu kwingi, usaha kifuani au sauti kukauka. Vifo vipo: baada ya kuondolewa sehemu nzima ya pafu kwa njia hii, ni takribani mtu mmoja katika kila mia, na zaidi kwa wenye moyo au mapafu dhaifu. Una haki ya kumwuliza daktari hatari yako wewe ni ipi.

Daktari anaweza pia kuanza kwa matundu akamaliza kwa mkato, kwa sababu ya damu au pafu lililoshikamana. Hilo si kosa wala kushindwa; ni uamuzi wa usalama, nawe huelezwa uwezekano wake kabla ya kutoa idhini.

Sababu mojawapo ya kushikamana ni kifua kikuu cha zamani. Aliyewahi kuugua Bukavu, Bujumbura au Kigoma, hata kama alipona miaka ishirini iliyopita, anaweza kuwa na makovu yaliyoligandisha pafu kwenye ukuta wa kifua. Wengine huficha habari hiyo kwa aibu. Itajeni. Haitawanyima matibabu; itamsaidia daktari kujipanga. Mwambieni pia daktari wa nusukaputi kama mgonjwa ana selimundu au ana ndugu mwenye selimundu, na mtajieni kila dawa anayotumia, zikiwemo za mitishamba zilizotumwa kutoka nyumbani. Baadhi huzidisha kutoka damu.

Sigara na shisha ziachwe mara tu mnapopata habari ya upasuaji, pasipo kungoja tarehe ipangwe. Msaada wa bure wa kuacha hupatikana kwa simu ya Tabacstop, 0800 111 00.

Lugha, idhini na gharama

Mtoto wenu anayesema Kifaransa au Kiholanzi vizuri asifanywe mkalimani wa habari hii. Atapunguza makali ya maneno, au atabeba mzigo usio wa umri wake. Ombeni mkalimani au mpatanishi wa kitamaduni wa hospitali mapema, wakati wa kupanga miadi. Pengine atazungumza nanyi kwa njia ya video. Sheria ya Ubelgiji ya haki za mgonjwa, ya tarehe 22 Agosti 2002, inakupa haki ya kuelezwa kwa lugha inayoeleweka, kukubali au kukataa, kufuatana na mtu unayemwamini, na kupata nakala ya faili lako.

Mwenye «mutuelle» aulize kabla ni kiasi gani atalipa mwenyewe. Kuchagua chumba cha mtu mmoja huongeza bili sana. Asiye na kibali cha kuishi anaweza kuomba CPAS ya manispaa yake msaada uitwao «aide médicale urgente». Jina husema dharura, lakini msaada huo unaweza kugharimia hata upasuaji uliopangwa, daktari akithibitisha kwa maandishi kwamba unahitajika.

Mkisharudi nyumbani

Uchovu ni wa kawaida. Usibebe ndoo, masanduku ya soko wala mtoto kwa majuma ya kwanza, na usiendeshe gari hadi daktari akuruhusu. Piga simu hospitali siku hiyohiyo ukipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, kidonda kikivuja usaha, au kohozi likigeuka kijani au la kahawia.

Piga 112 bila kungoja asubuhi ikiwa pumzi imekatika ghafla, kifua kinabana, unakohoa damu nyingi, umezimia, au mguu mmoja umevimba na kuuma huku pumzi ikipungua. Anayepiga kwa Kifaransa aseme: «Il a été opéré du poumon, il respire mal», kisha ataje barabara, namba ya nyumba na manispaa. Bandikeni maneno hayo jikoni.

Kuhusu safari: msikate tiketi ya kwenda Kinshasa, Bujumbura au Nairobi kabla ya miadi ya kwanza baada ya upasuaji. Hewa iliyobaki kifuani hutanuka ndege inapopanda na huweza kulisinyaza pafu angani. Picha ya eksirei ndiyo itakayoonyesha kama hewa hiyo imekwisha, na daktari ndiye atakayetoa ruhusa, kwa maandishi iwapo shirika la ndege litaitaka.