Mfupa Ukivunjika: Mwongozo kwa Kaya za Kigoma, Ujiji na Mwambao wa Ziwa Tanganyika

Mkoa wetu unaishi kwa michikichi na ziwa, na kote huko watu huanguka: mkwezi akikata mikungu, mtoto akiwa juu ya mwembe Ujiji, mvuvi akiteleza mwaloni Kibirizi, abiria akirushwa na bodaboda. Mifupa mingi iliyovunjika huunga vizuri. Mara nyingi mtu hupoteza mkono au mguu kwa sababu ya yaliyofanyika baada ya kuumia: kuchuliwa, kufungwa banzi la kubana, na kucheleweshwa.

Utajuaje?

Maumivu makali mahali pamoja, uvimbe, kiungo kupinda, kushindwa kukanyaga au kushika kitu. Wengi husema, “Anachezesha vidole, basi hajavunjika.” Si kweli. Vidole huweza kucheza hata mfupa ukiwa vipande viwili. Mzee aliyejikwaa uani kisha akashindwa kusimama huenda amevunjika nyonga. Mtoto asiyetaka kutumia mkono wake naye apelekwe akapimwe.

Fanya haya kwanza

1. Damu ikitoka, kandamiza kwa kitambaa safi. Mfupa ukichomoza, usiurudishe ndani wala usiukandamize, funika tu. Usipake mawese, majivu wala dawa ya miti. Jeraha hili linahitaji antibiotiki mapema na kinga ya pepopunda.
2. Vua pete, bangili na saa kabla uvimbe haujaongezeka.
3. Usichue, usikande kwa maji ya moto, usivute kunyoosha.
4. Funga gango. Chukua mbao au maboksi magumu, tandika nguo laini, kisha funga kwa vipande vya kitenge juu na chini ya palipovunjika. Gango lipite kiungio cha juu na cha chini. Mkono ubebwe kwa kanga iliyofungwa shingoni. Mguu ukikosa ubao, ufunge pamoja na ule mzima.

Angalia vidole kila nusu saa

Bonyeza ukucha mpaka uwe mweupe, kisha achia. Rangi irudi ndani ya sekunde 2 hivi; linganisha na upande mzima. Vidole vikiwa baridi, vikipauka au kuwa vya buluu, vikifa ganzi, au maumivu yakizidi vinaponyooshwa, legeza vitambaa papo hapo na uharakishe safari. Misuli iliyokosa damu kwa saa kama 6 huweza kufa, na hapo ndipo mtu hukatwa kiungo. Aliyefungwa hogo (P.O.P.) akipata dalili hizi arudi hospitali hata kama ni usiku.

Safarini

Aliyeanguka kutoka juu na kuumia shingo au mgongo asikalishwe kwenye bodaboda. Mwinueni watu kadhaa kwa pamoja, mwili ukiwa umenyooka, mkamlaze juu ya ubao. Wanaotoka vijiji vya ziwani kama Mwamgongo wafunge gango kabla ya kumpakia mgonjwa botini, wamlaze chini katikati, naye avae boya. Paja lililovunjika ni dharura: zaidi ya lita 1 ya damu huweza kuvuja ndani bila tone kuonekana nje.

Zahanati au kituo cha afya kitatuliza maumivu, kitafunga gango vizuri na kutoa rufaa inapohitajika. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Maweni, hupiga picha ya eksirei. Ikiwa ni ajali ya barabarani, ndugu mmoja afuatilie fomu ya polisi (PF3) mgonjwa akiwa njiani kwenda kutibiwa.

Mpaka apone

Kifundo cha mkono cha mtu mzima huchukua wiki 6 hivi. Muundi, miezi 3 au zaidi. Watoto huunga haraka zaidi. Hogo lisilowe, wala usichomeke kijiti ukiwashwa. Kiungo kiinuliwe juu ya mto, vidole vichezeshwe kila siku. Dagaa wetu, wanaoliwa na miiba yao, wana kalisi ya kujenga mfupa. Sigara huchelewesha kuunga, iachwe.

Wazee wetu mnaounga mifupa, watu huanzia kwenu kwa sababu wanawaamini. Tunawaomba: mwenye jeraha, mtoto aliyeumia kiwiko, aliyevunjika paja, na yeyote ambaye vidole vyake vimekuwa baridi, msimfunge banzi. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.