Mashabiki na Msiba wa Mbali

Mwezi huu tumekusudia kujifunza habari ya jambo linaloonekana dogo, yaani namna mashabiki wa mpira wanavyoupokea msiba mkubwa utokeao katika nchi ya mbali. Huenda mtu akauliza, Mpira una nini na darasa la walimu? Basi, na aende Ruangwa siku ya mchezo wa Namungo, au Nachingwea jioni, katika vile vibanda umiza ambamo watu husongamana kutazama michezo ya Ulaya. Hapo atajua ni wengi namna gani wapatao habari za ulimwengu kwa mlango huo tu. Namungo ilianza kama timu ya kijiji, ikaingia Ligi Kuu katika msimu wa 2019/20; na tangu hapo hata wazee wasiopenda mchezo hawawezi kujifanya hawasikii.

Sasa tutazame mambo yalivyokuwa. Tarehe 5 Februari 2023 timu ya Hatayspor ya Uturuki ilicheza na Kasımpaşa. Mchezo ulipokaribia kwisha, Christian Atsu, kijana wa Ghana aliyepata kuchezea Newcastle, alipiga mpira wa adhabu akafunga bao la ushindi. Ilisemwa na watu wa klabu yake kwamba alikuwa amekusudia kusafiri usiku ule, lakini kwa furaha ya bao lile akabaki. Hata saa kumi na dakika 17 za alfajiri nchi ikatetemeka, na nyumba ya ghorofa nyingi aliyokaa ikaanguka. Katika Uturuki pekee walikufa watu zaidi ya 50,000, na maelfu wengine katika nchi ya Shamu, yaani Siria.

Kesho yake ilitangazwa kwamba Atsu ameonekana, yu hai, amepelekwa hospitali. Mashabiki wa Ghana, wa Uingereza na wa kwetu walishangilia, wakapashana habari ile upesi kuliko moto wa nyika. Walakini haikuwa kweli. Mwili wake ulitolewa katika kifusi tarehe 18 Februari. Hatuwalaumu walioshangilia, maana walitamani liwe kweli. Lakini twawaza habari za jamaa zake, waliofarijika siku moja kisha wakarudishwa katika kungoja. Neno jema likitangulia ukweli laweza kumwumiza mtu kuliko kimya.

Lilikuwako na neno lingine, nalo tulilisikia kwa masikio yetu: Watu wale wamemkosea Mungu nini? Mwalimu akiulizwa hivi asikimbilie kujibu. Asome Luka 13, habari ya wale kumi na wanane walioangukiwa na mnara wa Siloamu, aone jinsi Bwana alivyolikataa wazo la kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine. Tena yafaa ajue jinsi nchi ilivyoumbwa. Gamba la dunia limegawanyika vipande vikubwa. Kipande cha Uarabuni chasukuma kwenda kaskazini, na kile cha Anatolia chasukumwa kwenda magharibi. Mahali viliposhikana pakaachana kwa ghafula, ufa ukapasuka mwendo wa zaidi ya kilometa 300. Na nyumba nyingi zilianguka kwa sababu zilijengwa vibaya. Hili ni kosa la wajenzi, wala si la waliolala ndani yake.

Wako na mashabiki waliofanya vema. Tarehe 26 Februari, katika uwanja wa Beşiktaş mjini Istanbul, mchezo ulisimamishwa ulipofika dakika 4 na sekunde 17, kwa kuikumbuka saa ile ya tetemeko. Ndipo watu wakatupa uwanjani maelfu ya vitu vya kuchezea watoto, wanasesere na wanyama wa kitambaa, wapelekewe watoto waliopatwa na msiba. Wachezaji wakaviokota pamoja na watu wa uwanja. Siku zile zile katika viwanja vya Istanbul zilisikika sauti za kuitaka serikali ijiuzulu. Wengine walichukizwa. Sisi twaona kwamba aliyefiwa asitazamiwe kunyamaza daima.

Mji mkuu wa jimbo la Hatay ni Antakya, nao ndio Antiokia tuusomao katika Matendo ya Mitume. Katika mlango wa 11 twaona wanafunzi wa mji ule walivyosikia habari ya njaa, wakapeleka msaada kwa ndugu wa Uyahudi, kila mtu kwa kadiri alivyoweza. Hawakuwajua kwa nyuso.

Hapo ndipo sisi wa Kusini tunapochomwa moyo. Mwezi uliofuata, Machi 2023, tufani iliyoitwa Freddy ilipita Msumbiji ikaingia Malawi. Mvua ilinyesha siku kwa siku, vilima vikamomonyoka. Huko Chilobwe, mjini Blantyre, matope na mawe vilishuka juu ya nyumba usiku. Waliokufa na waliopotea katika Malawi walizidi elfu moja. Serikali yetu ilipeleka chakula, mablanketi na mahema. Lakini katika vibanda vyetu mazungumzo yalikuwa machache. Mchezaji maarufu hakuwamo katika kifusi cha Chilobwe. Nao Wayao wa Nachingwea wana jamaa zao upande ule wa kusini mwa Malawi, lugha ni moja, hata majina ya ukoo hulingana! Tulimlilia Mghana wa Uturuki, na ilikuwa haki kumlilia. Ila mjomba tulimsahau.

Wala tusidhani tufani ni mambo ya wengine. Mwaka 1952 tufani iliipiga Lindi yenyewe. Na tarehe 25 Aprili 2019 watu wa Mtwara na Lindi walionywa wajihadhari na tufani Kenneth, nayo ikageukia Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma. Wengi kwetu walisema, Tumepona. Kule Macomia nyumba zilikuwa zimelala chini.

Walimu watakapolisoma somo hili na darasa, wawaulize wanafunzi maswali mawili. Kwanza: habari ya msiba uliyoieneza mara ya mwisho, uliipata kwa nani, naye aliipata kwa nani? Pili: katika watu wa Chilobwe, unamjua hata mmoja kwa jina?